Diski Mbili za Baba Virginia

Mume wangu hakuiba diski ya Fortunato. Naanza na hilo ili hata anayesoma kwa haraka alipate kabla hajaitwa jikoni. Hakuiba, hakubadilisha nzuri kwa mbovu, wala hakuuza kitu cha mteja Jebel, Munuki au mahali pengine popote. Maneno hayo yalizaliwa Juba mwaka 2010, na nilidhani yamefia huko. Lakini mwezi uliopita, kwenye harusi hapa Bungoma, mama mmoja tuliyeketi naye meza moja aliniuliza huku akijipakulia wali, "Kumbe wewe ndiye mjane wa yule fundi wa diski?" Nilimaliza chakula changu, maana nimelelewa vizuri, kisha nikarudi nyumbani nikatafuta kalamu.

Barnabas Makokha nitamwita Baba Virginia, kama nilivyomwita tangu binti yetu azaliwe. Tulifika Juba mwaka 2006, mwaka mmoja baada ya mkataba wa amani. Yeye aliajiriwa na shirika moja kutunza kompyuta, mimi nikafundisha hesabu katika shule ya parokia. Mkataba wake ulipokwisha, wenzake walipanda ndege wakarudi kwao. Yeye alikodi kontena Munuki, karibu na stendi ya boda boda, akalipaka rangi ya bluu na kutoboa dirisha ubavuni. Juba ya miaka ile ilikuwa na kazi kwa kila mwenye bisibisi.

Alikuwa na tabia moja ambayo wote waliomjua wanaikumbuka. Hakununua kitu bila kukilinganisha na ndugu yake. Aliwahi kuwasha mishumaa miwili ya kampuni mbili kwenye sahani moja, akakaa na saa mkononi mpaka mmoja ukazima. Aliwahi kupima mikate ya maduka mawili kwenye mizani ya muuza vitunguu, na muuza vitunguu akamwomba aende zake. Siku moja nilimwambia nashukuru nilikubali posa yake kabla hajapata wa kunilinganisha naye.

"Nani kakwambia sikulinganisha?" akasema, akaendelea kukaza skrubu.

Sasa Fortunato. Huyu alikulia Uganda, kambini Adjumani, akarudi nyumbani mwaka 2007 na kamera begani. Alifungua studio ya picha na video pale soko la Jebel, chini ya kilima. Alifanya vizuri, kwa sababu amani ilikuwa imewakumbusha watu kuoana. Na harusi za huko zina desturi yake: wiki moja au mbili baada ya sherehe, ndugu wa pande zote mbili hukusanyika kwa mjomba wa bibi harusi kutazama video. Huko ndiko hutazamwa nani alicheza, nani alileta nini, na nani alikaa kivulini akila nyama tu. Aliyekatwa kwenye video huona amekatwa kwenye ukoo. Kwa hiyo Fortunato hakuwa anauza picha. Alikuwa anabeba heshima za watu.

Shida yake ilikuwa diski. Diski za kawaida za siku zile zilikuwa na sahani ndani, na sahani hiyo inazunguka kwa kasi na kijisindano kikielea juu yake. Sasa chukua kitu hicho, kiweke kwenye meza iliyogusana na ukuta, na nyuma ya ukuta weka jenereta ya maduka manane inayonguruma kutwa nzima. Ongeza vumbi la Jebel. Kisha pakia kompyuta nzima kwenye boda boda kwenda kumwonyesha mteja kazi yake. Ndani ya mwaka mmoja zilimfia tatu.

Alikuja na ya tatu kontenani, ameishika kama ndege aliyekufa.

"Bwana Barnaba, hii diski iko na roho ya kifaranga," akasema.

"Uliiangusha?"

"Mimi hapana angusha. Ni barabara iliangusha."

"Fortunato, barabara haijawahi kuleta kompyuta kwangu. Ni wewe."

"Sawa, chapa mimi. Lakini Jumamosi mimi iko na harusi mbili. Kama hii mashine inakufa tena, wakwe watanizika na yeye."

Ndipo Baba Virginia akamweleza habari za SSD. Zilikuwa ngeni bado, wengi Juba hawajaziona. Ni diski isiyo na sahani wala sindano. Ndani ni chipu tupu, kama fleshi ya kuvaa shingoni, ila ina kasi kubwa zaidi. Haizunguki, haingurumi, haijali jenereta iliyo nyuma ya ukuta. Fortunato alisikiliza kama mtu anayehubiriwa, akataka mbili.

Dancan, jirani yetu aliyefanya kazi benki, alikuwa anakwenda Nairobi likizo. Tulimtuma alete mbili za kufanana. Alirudi na mbili zisizofanana hata kidogo, akaziweka mezani kwangu na uso wa mtu anayesubiri kusamehewa.

"Shemeji, nilizunguka mtaa wa Luthuli mpaka viatu vikaniomba ruhusa," akaniambia. "Pacha hakuna. Hii ndogo ni gigabaiti themanini na bei yake ni ya kutoa machozi. Hii kubwa ni mia moja ishirini na nane, na ni ya bei ya binadamu. Mwenye duka ameapa zote ni kitu kimoja."

"Ameapa kwa nini?" Baba Virginia akauliza.

"Kwa mama yake."

"Basi tutamjua mama yake."

Mwingine angekasirika. Yeye alipewa vitu viwili vya kulinganisha na mchana wote ulikuwa wake. Kwa siku tatu meza yetu ya chakula haikuwa yetu. Tulikula sahani zikiwa magotini, na Virginia, aliyekuwa kidato cha pili na yuko likizo, akapewa saa na daftari.

Alitumia video ya kipaimara cha Virginia, kubwa, ya saa nzima. Aliinakili kwenye diski ndogo: dakika tatu. Akainakili tena na tena mpaka diski ikakaribia kujaa. Dakika tatu ya kwanza, dakika tatu ya mwisho. Kwenye ile kubwa, nakala ya kwanza ilichukua dakika mbili na nusu, na Virginia akashangilia akidhani imeshinda. Lakini ilivyozidi kujaa, ndivyo ilivyozidi kuchoka. Dakika nne. Dakika tano. Nakala ya mwisho ilivuka dakika saba, kama mtu aliyeshiba ugali na kuambiwa apande kilima.

"Ya bei mbaya ndiyo bora," Virginia akasema.

"Bora kwa kazi gani?" akamjibu baba yake. "Ile ndogo haiwezi kubeba harusi za mwezi mzima. Na hii kubwa, ukiisoma tu bila kuiandikia, iko sawa na mwenzake. Usiseme mbovu. Sema hii ni ya kufanya kazi na hii ni ya kuweka akiba."

Kisha akafanya jaribio ambalo mimi nililikataza na hakusikia. Alianza kunakili, na katikati akachomoa waya wa umeme ukutani. Alitaka kujua jenereta ikizimwa ghafla itakuwaje. Diski ndogo ilirudi mara tatu kati ya tatu. Kubwa ilirudi mara mbili, ya tatu ikapotea kabisa. Kompyuta haikuiona, kana kwamba haikuwahi kununuliwa. Niliondoka mezani nikaenda kuchambua mchele. Baada ya muda nikamsikia akicheka. Alikuwa ameichomoa waya wa data, akaiachia waya wa umeme peke yake kwa nusu saa bila kuigusa, na ikarudi yenyewe kama mtu aliyezimia akapepewa. Akaandika hilo daftarini na kulipigia mstari.

Fortunato alipokuja kuchukua mashine alikuwa na wazo lake. Alisikia kwamba diski mbili zinaweza kuunganishwa zikaonekana moja.

"Themanini na mia na ishirini na nane, inakuwa mia mbili na nane," akasema. "Mashine moja, diski moja, mwanamume mmoja."

"Kwetu tunalima na ng'ombe," Baba Virginia akamwambia. "Ukifunga fahali na ndama kwenye nira moja, nani anaweka mwendo?"

"Ndama."

"Na ndama akianguka?"

Fortunato akafikiri. "Wote wanalala."

"Basi acha kila mmoja alime shamba lake."

Zikafungwa kila moja peke yake ndani ya kompyuta moja. Ndogo ilibeba mfumo wa mashine na kazi inayoendelea. Kubwa ilikuwa ghala la kazi zilizokwisha, na kila iliyoingia ghalani ilichomwa pia kwenye DVD. Alimbandikia karatasi juu ya kasha la mashine kwa maandishi makubwa: KAZI YA LEO KWA NDOGO. ILIYOKWISHA KWA KUBWA. ZIMA KOMPYUTA KABLA SUNDAY HAJAZIMA JENERETA. Sunday ndiye aliyekuwa mwenye jenereta, mtu mzuri asiyejua kuaga. Mafuta yakipungua alisema "kalas", yaani basi, mara moja, kwa sauti ya kawaida, na maduka manane yakawa gizani.

Mashine ilikuwa ikiamka kabla Fortunato hajakaa kitini. Kwa miezi saba hakuna diski iliyokufa.

Ikafika Novemba. Mji ulijaa watu wanaorudi nyumbani kabla ya kura ya maoni ya uhuru, Januari, na kila aliyerudi alikuwa na mtu wa kuoa. Fortunato alipiga picha harusi ya binti wa familia moja kubwa, ambayo sitaitaja. Kazi ya kuihariri alimwachia shemeji yake Emma, mwanamume mzima mwenye mke na ndevu. Emma aliona diski ndogo imekaribia kujaa. Badala ya kuondoa ya zamani, akaona njia ya mkato: harusi akaihariri moja kwa moja kwenye ile kubwa. Ilienda polepole, naye akalaumu joto. Jumatano, saa nane mchana, kazi ikiwa imebaki kidogo tu, Sunday akasema kalas.

Umeme uliporudi, diski kubwa haikuonekana. Kompyuta ilionyesha diski moja tu, ya themanini. Kadi za kamera zilikuwa zimeshafutwa kwa harusi nyingine, na kutazama kulikuwa Jumapili.

Alhamisi asubuhi Baba Virginia aliitwa. Nilikwenda naye, kwa kuwa shule ilikuwa imefungwa na nilitaka nyanya za Jebel. Tulimkuta Fortunato anatembea kutoka ukuta hadi ukuta.

"Mia moja ishirini na nane iko wapi?" alikuwa akisema kwa sauti ya soko zima. "Mimi nilinunua mbili. Hapa iko moja. Nani alichukua?"

Kwenye benchi alikaa Jepchirchir, Mkenya mwenzetu aliyefanya kazi na Dancan benki, akisubiri picha za pasipoti. Alinisalimia kwa heshima. Sina ugomvi naye. Alisema alichokiona, ila aliondoka kabla hajaona chote.

Alichokiona ni hiki. Baba Virginia alifungua kasha, akaikuta diski kubwa imekaa pale pale alipoifunga. Akaiachia waya wa umeme peke yake, akamwambia Sunday asiguse jenereta kwa nusu saa, na Sunday akaapa. Halafu akachomoa ile ndogo, akaifunga kwenye leso yake nyeupe, akaitia mfukoni. Jepchirchir akapewa picha zake, akaenda kazini. Kwa hiyo alisikia kwamba diski imeibwa, kisha akaona fundi anatoka na diski mfukoni. Hata mimi ningefikiri.

Asichokiona ni kwamba diski kubwa ilirudi baada ya nusu saa, lakini kazi ya Emma ilikuwa imeharibika, haifunguki. Picha zote za harusi kama zilivyotoka kamerani zilikuwa salama kwenye ile ndogo, kwa kuwa huko ndiko Emma alizimwaga kwanza, kabla hajapata akili zake nyingine. Nyumbani kwetu tulikuwa na jenereta yetu. Baba Virginia aliamua kuihariri harusi mwenyewe, upya, kwa siku mbili.

"Chukua, chukua," Fortunato akamwambia. "Hata mimi chukua kama unataka."

Mashine bila diski ndogo haikuwa na mfumo wa kuiamsha, hivyo studio ikafungwa. Na studio iliyofungwa ina mdomo kuliko iliyo wazi.

Jumamosi asubuhi, kazi ikiwa karibu kwisha, Fortunato alikuja kwetu na mjomba wa bibi harusi, mzee mrefu mwenye fimbo na suti ya kijivu. Alitaka kuona kabla ya watu. Nilikuwa namimina chai. Tulipofika nusu ya video, kwenye kipande ambacho Baba Virginia alikuwa bado hajakichuja, mzee akainua mkono. Kamera ilikuwa imeachwa ikiwaka mahali ambapo watu hawakujua inawaka. Kikombe changu kilijaa kikamwagika na hakuna aliyenitazama.

"Fundi," mzee akasema, "hiyo kitu iondoke."

"Nitaikata, Mzee."

"Si kukata. Iondoke duniani."

Baba Virginia hakuwa mtu wa kusema ndiyo ili mgeni aende zake. Alimweleza kwamba kwenye diski hizi, ukifuta faili unafuta jina lake tu. Maandishi yenyewe yanabaki. Kwenye diski ya zamani ungeandika juu ya mahali pale pale. Hii ya chipu huchagua yenyewe pa kuandika, na huandika kwingine ili isichakae upande mmoja. Dawa ni kuijaza yote, kuifuta, na kuijaza tena, huku akitafuta mabaki kila mara, mpaka kisipatikane kitu.

"Siku ngapi?"

"Nipe mpaka Alhamisi."

"Na watu wakiuliza kwa nini uko nayo?"

"Nitawaambia niko nayo."

Mzee akamshika mkono, kisha akanitazama mimi, nami nikainamisha kichwa. Hiyo ndiyo ahadi tuliyoitoa, mimi na Baba Virginia.

Jumapili video ilitazamwa na kila mtu alionekana akicheza. Tangu Jumatatu, kila jenereta ilipowaka, Virginia alipata kipaimara tena. Mara kumi diski ile ilijazwa, mara kumi ikapekuliwa. Alhamisi akairudishia mfumo na kuifunga kwenye mashine ya Fortunato, safi, bila harusi hata moja ndani.

Hapo ndipo maneno yalipopata miguu. Diski ilikaa kwa fundi wiki nzima, kisha imerudi tupu. Basi si ile ile. Emma alijua ni ile ile, lakini kila aliyesema habari ya fundi alikuwa hasemi habari ya Emma, naye akaona si haraka kusahihisha. Wateja wawili walikuja kuchukua mashine zao bila kungoja zitengenezwe. Shirika moja lililokuwa limemwahidi kazi ya kompyuta ishirini likampa mtu mwingine.

Nje ya kanisa Jepchirchir akanishika mkono. "Mwalimu, poleni kwa yaliyowapata."

"Yapi?"

"Ya Fortunato."

"Fortunato yuko mzima. Nilimwona leo amesimama kwenye kwaya," nikamwambia.

Lakini nilipofika nyumbani sikuwa jasiri hivyo. Nilimwambia Baba Virginia aseme tu kwamba kulikuwa na kipande cha kufutwa, na mengine ayaache. Jina lake ni jina la binti yake, nikamwambia.

"Nikieleza nusu, wataomba nusu iliyobaki," akasema. "Na yule msichana ndiyo kwanza ameolewa. Mimi ni mzee wa kuvumilia maneno, yeye ana wakwe wapya."

"Na kazi?"

"Kazi itarudi. Neno likitoka halirudi."

Nilikuwa nimekasirika, na nilikuwa najua ana haki, na vyote viwili vilikaa meza moja chakula cha jioni.

Aliyemtetea ni Fortunato, kwa namna yake. Hakuweza kueleza, naye alikuwa chini ya ahadi ile ile. Basi alichofanya ni kupakia kompyuta yake kwenye boda boda kila Jumatatu, mchana kweupe, mashine ikiwa nzima kabisa, kutoka Jebel hadi Munuki, akaiweka juu ya meza mbele ya kontena la bluu watu wote waione.

"Ina ugonjwa gani leo?" Baba Virginia alimuuliza.

"Hakuna. Imekuja kusalimia."

Wakanywa chai, akairudisha. Alifanya hivyo mpaka Julai ya uhuru, na kufikia hapo wateja walikuwa wamerudi karibu wote. Kazi ya kompyuta ishirini haikurudi. Diski zile mbili, ndogo na kubwa, zilikuwa bado zinafanya kazi ndani ya mashine moja.

Baba Virginia tulimzika mwaka juzi. Baada ya harusi ile ya Bungoma nilimpigia simu Fortunato kumuuliza kama ninaweza kuandika. Aliwasiliana na wenyewe, akaniletea ruhusa ya kusema jambo moja: kwamba kulikuwa na kipande, na kwamba kilifutwa kwa ombi la familia. Nimelisema. Bibi harusi hakuwa na kosa lolote. Hilo naliongeza mwenyewe.

Najua litakalofuata. Mtataka kujua kipande kilikuwa cha nini. Nilikiona, nakikumbuka, na sisemi. Msinitumie ujumbe, wala msimuulize Virginia, maana yeye alikuwa chumba cha pili. Sisemi leo na sitasema kesho.